Tuliambiwa hana sukari, tukafunga daftari

 

Tunayaandika haya kwa idhini ya kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye mwenye kisa. Alipoombwa ruhusa alisema: "Andikeni, lakini msiwafanye watu wanionee huruma. Wafanyeni waende wakapime." Tutajitahidi kuutimiza wasia huo.

Sisi ni ndugu sita wa tumbo moja. Nyumba ya wazazi wetu ipo upande wa Mwendakulima, nje kidogo ya mji wa Kahama, mahali ambapo kwa miaka kadhaa milipuko ya mgodi wa Buzwagi ilikuwa ikitikisa vikombe kabatini. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka huohuo kaka yetu, akiwa na umri wa miaka 34, alipata kazi ya kuendesha magari makubwa ya kubebea mawe. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili. Siku kadhaa mchana, siku kadhaa usiku. Akirudi alfajiri, alikuwa akiswali, akila kiporo cha wali kwa chai, kisha akilala hadi adhana ya Adhuhuri.

Kazi ile ilimweka kwenye kiti. Kijana aliyekuwa akilima mpunga na kupiga baiskeli kwenda Isaka na kurudi sasa alikuwa akikaa nyuma ya usukani usiku kucha, akijizuia asisinzie kwa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kitambi kilipoanza kujitokeza, sisi tulifurahi. Katika mitaa yetu kitambi kilikuwa hati ya mafanikio. Majirani walisema, "Mgodi umemkubali," nasi tukaitikia, "Alhamdulillah."

Mwaka 2017, akiwa na miaka 42, alipimwa afya. Alirudi nyumbani na karatasi, akamkabidhi mama yetu, na kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani akasema: "Mama, sina sukari." Mama alimshukuru Mola kwa machozi, kwani dada yake alikuwa amekatwa mguu kwa ugonjwa huo. Siku ile ilichemshwa chai ya maziwa kwa ajili ya nyumba nzima, na kikombe cha kaka kikatiwa vijiko vinne vya sukari, kama ilivyokuwa desturi yake. Karatasi ikawekwa kwenye bahasha pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa. Hakuna aliyeisoma hadi mwisho.

Uzalishaji pale Buzwagi ulifikia tamati mwaka 2021, dhahabu ya kuchimbwa kwa faida ilipokwisha. Kaka alipokea mafao yake, akanunua gari dogo la abiria, akarudi tena kwenye kiti. Mapema mwaka uliofuata, akiwa na miaka 47, aliamka kuswali Alfajiri, na katika rakaa ya pili akashindwa kuinuka kutoka kwenye sijda. Alidhani ni kiungulia. Jasho lilikuwa likimtiririka ilhali asubuhi ilikuwa ya baridi, mkono wa kushoto umekuwa mzito kama umefungiwa jiwe, na maumivu yalikuwa yamepanda hadi kwenye taya. Mke wake alimpa maziwa. Ilipita saa nzima kabla ya mmoja wetu kufika na kuamua kumpeleka hospitali. Saa ile moja tunaijutia hadi leo, kwani nyama ya moyo inayokosa damu hufa dakika kwa dakika, na ikishafa hairudi.

Alipimwa umeme wa moyo mjini Kahama, akaanzishiwa dawa, akasafirishwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza. Huku nyumbani maneno yalikuwa yameshaanza. Wapo waliosema kuwa ni husuda ya mafao. Wapo waliotuletea anwani ya mganga. Tuliambiwa tukumbuke kuwa marehemu baba yetu naye alianguka ghafla akiwa na miaka 52, na kwamba nyumba yetu ina kitu. Tunakiri kuwa kwa siku mbili baadhi yetu tuliyasikiliza maneno hayo. Tunamwomba Allah msamaha. Kitu kilikuwepo kweli katika nyumba yetu, lakini hakikutumwa na jirani.

Mama yetu alisafiri hadi Mwanza akiwa na ile bahasha. Daktari alipomuuliza kuhusu historia ya mgonjwa, mama alijibu kwa kujiamini: "Daktari, mwanangu hana presha kubwa, havuti sigara, hanywi pombe. Na sukari hana, karatasi hii hapa."

Daktari aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma kimya, kisha akasema: "Mama, ni kweli hana kisukari. Hata leo tumempima na bado hana. Lakini umewahi kuonyeshwa maneno haya ya chini?"

Chini ya karatasi, kwa wino wa bluu uliokwisha kufifia, muuguzi alikuwa ameandika: sukari ya asubuhi kabla ya kula, 6.3. Apunguze uzito. Arudi baada ya miezi mitatu.

Miaka mitano ilikuwa imepita. Mpimaji hakutudanganya, wala karatasi haikutuficha. Sisi ndio tulioishia kwenye neno tulilolipenda.

Tangu siku ile tumejifunza jambo ambalo tungependa kila familia ilijue. Sukari katika damu ni kama kilima, mtu hupanda kidogo kidogo. Wataalamu waliweka mpaka mahali fulani kwenye kilima hicho ili wajue nani aanze matibabu ya kisukari. Kwa kipimo cha asubuhi kabla ya kula, mpaka huo ni 7.0. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 6.1 hadi 6.9 kuwa sukari iliyokwisha kuvurugika, na Wamarekani huanza kuhesabu kwenye 5.6. Kipo pia kipimo kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha ni kiasi gani cha sukari kimegandamana na chembe nyekundu za damu. Kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, kipimo hicho hutoa habari za miezi miwili au mitatu iliyopita, wala hakihitaji mtu awe hajala. Kwa Wamarekani, asilimia 5.7 hadi 6.4 ni eneo la mpakani, na 6.5 kwenda juu ni kisukari. Kaka yetu alipopimwa Mwanza alikuwa na 6.2.

Mtu wa mpakani hana kiu isiyo ya kawaida, haamki usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, hakondi. Hahisi lolote. Lakini mishipa yake ya damu haisubiri afike kwenye mpaka ndipo ianze kuumia. Daktari alitufafanulia kwa mfano wa bomba. Ndani ya mshipa mna utando mwembamba ulio laini. Sukari ikizidi kidogo kila siku, huku mwili ukiwa haulitii tena agizo la insulini itokayo kwenye kongosho, ini hutoa mafuta mengi zaidi kwenye damu, shinikizo la damu hupanda, na utando ule hupoteza ulaini wake. Lehemu hupenya chini yake, mwili hutuma askari wake kupambana nayo, na mahali hapo hufanyika uvimbe mdogo wenye mafuta. Uvimbe huo waweza kukaa miaka bila kutoa ishara. Siku ukipasuka, damu huganda juu yake, na mshipa hufungwa. Kama mshipa ule ni wa moyo, ndiyo Alfajiri ya kaka yetu.

Hayo si maneno ya daktari mmoja. Kule Uingereza, zaidi ya watumishi wa serikali 18,000, wote wanaume, walianza kufuatiliwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1980 yalionyesha kuwa wale ambao sukari yao ilibaki juu saa mbili baada ya kunyweshwa maji ya sukari, ingawa hawakuwa na kisukari, walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo takriban mara mbili ya wenzao. Huko Madrid, Hispania, wafanyakazi wa benki karibu 4,000 wenye umri kati ya miaka 40 na 54, wasio na kisukari na wasiolalamikia moyo, walipigwa picha za mishipa. Ripoti ya mwaka 2021 ilieleza kuwa kadiri HbA1c ilivyokuwa juu, ndivyo mishipa mingi zaidi ilivyokutwa imeanza kuziba, na uhusiano huo ulionekana hata kwa baadhi ya watu ambao hawajafika eneo la mpakani.

Insafu inatutaka tuongeze kwamba sukari haitembei peke yake. Hufuatana na kitambi, presha, lehemu, tumbaku, usingizi mchache na nasaba. Baba yetu kuanguka akiwa na miaka 52 lilikuwa onyo kwetu sote, nasi tukaligeuza kuwa hadithi ya uchawi. Zamu za usiku nazo zina sehemu yake, kwani tafiti nyingi zimekuta kwamba wanaofanya kazi usiku kwa miaka mingi hupata kisukari na maradhi ya moyo zaidi ya wengine. Hatumlaumu yeyote kwa hilo. Kazi ile ilisomesha watoto na ilijenga nyumba. Ila mwenye kufanya kazi ya namna hiyo ana haki ya kuijua bei yake mapema.

Kaka alipelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akazibuliwa mshipa na kuwekewa kijibomba cha waya. Alirudi hai, walillahil-hamd, lakini moyo wake haujarudi kama ulivyokuwa. Hawezi kubeba ndoo ya maji kutoka uani hadi jikoni. Gari liliuzwa kulipia safari na matibabu. Mtoto wake wa pili aliahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Hiyo ndiyo tafsiri ya 6.3 katika nyumba yetu.

Daktari alituagiza sisi ndugu watano tuliobaki tukapime. Wanne tulikwenda wiki ileile. Wawili tulikutwa salama, wawili tukakutwa mpakani: mmoja 5.9, mwingine 6.1. Wa tano, dada yetu, alikataa. Alisema kuwa mtu akitafuta ugonjwa ataupata, na kwamba yeye amemtegemea Mungu. Hatukumbishia kwa sauti kubwa, lakini mwalimu wetu wa madrasa alimkumbusha hadithi mashuhuri ya yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kutawakali, naye Mtume (s.a.w) akamwelekeza amfunge kwanza, kisha atawakali. Dada alikaa na neno hilo karibu mwaka mzima. Alipokwenda kupima alikuwa keshauvuka mpaka: 7.2. Sasa anatumia dawa na anaendelea vizuri, lakini husema mwenyewe kwamba aliupoteza mwaka ambao angeweza kuutumia kurudi nyuma.

Maana kurudi nyuma kunawezekana, na hii ndiyo habari njema. Mwaka 1986 katika mji wa Daqing, China, watu 577 waliokuwa mpakani waliingizwa kwenye utafiti. Baadhi yao walielekezwa kubadili chakula, kufanya mazoezi, au yote mawili, kwa miaka sita. Walipohesabiwa baada ya miaka 30, waliobadilika walikuwa wamepatwa na maradhi ya moyo na vifo vichache kuliko wenzao. Nchini Marekani, utafiti wa watu 3,234 uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa waliolenga kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini, kwa kulinganisha, ilipunguza kwa asilimia 31.

Nasi hapa kwetu tunajua kwamba hali hii si ya tangu enzi. Mwaka 1989 ilichapishwa taarifa ya upimaji uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, na kisukari kilikutwa kwa watu wazima chini ya asilimia moja. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Damu yetu haikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni viti, sahani na vikombe.

Vikombe ndivyo vilivyotusumbua zaidi. Kwa mama yetu, sukari ni lugha ya mapenzi. Mgeni akiletewa chai isiyo tamu amedharauliwa, na mgonjwa ndiye anayestahiki tamu zaidi ili apate nguvu. Kaka aliporudi kutoka Dar es Salaam, mama alimkaribisha kwa chai yenye vijiko vinne. Kaka aliitazama, akaitazama nyuso yetu, akainywa. Hakuwa na ubavu wa kuukataa mkono wa mzazi. Siku ya pili ikawa vilevile. Tulikosana sisi kwa sisi: wapo waliotaka mama aambiwe waziwazi kwamba anamuua mwanawe, na wapo walioona kuwa neno hilo lisingefutika tena duniani.

Mwishowe mke wa kaka ndiye aliyelipata la kufanya. Alikaa jikoni na mama, akamwomba wapime pamoja. Walimimina soda ya mililita 350 kwenye bakuli, kisha kwenye sahani pembeni wakahesabu vijiko vinane vya sukari vilivyo ndani yake. Kisha wakahesabu vya chai ya siku moja ya kaka: vinne asubuhi, vinne mchana, vinne usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa sukari ya kuongezwa ingefaa isizidi gramu 25 kwa siku, yaani takriban vijiko sita vya chai. Mama alikitazama kile kilima kidogo cheupe kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Na baba yenu je?" Hakuna aliyemjibu, naye hakusubiri jibu.

Siku hizi futari ya nyumba yetu imebadilika. Tende zipo, kwani ni sunna, lakini ni tatu, si sinia. Uji hautiwi sukari. Tambi na maandazi yamebaki kwa siku ya Idi. Michembe imerudi mezani, kwa kiasi, pamoja na karanga. Ugali ni wa dona, nao umepungua ukubwa, huku mlenda, nsansa na dagaa vikiongezeka. Baada ya Tarawehe wanaume hutembea kwa miguu kutoka msikitini, na wanawake wa nyumba yetu wana njia yao ya kutembea kabla ya Magharibi, kuelekea upande wa mgodi uliolala. Kupima HbA1c imekuwa ada ya kila mwaka kwa kila aliyetimiza miaka 35. Tuliambiwa tumweleze mpimaji kama mtu ana selimundu au ametoka kuugua malaria iliyompunguzia damu, kwa kuwa hali hizo huweza kukifanya kipimo kionyeshe nafuu isiyokuwepo.

Hatukuyaona haya kuwa mageni kwetu. Qur'ani Tukufu, katika Suratul-A'raf, imeturuhusu kula na kunywa na ikatukataza kupita kiasi. Mtume (s.a.w) naye ametufunza kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Tuliyasoma hayo tukiwa watoto, tukayahifadhi, tukapata zawadi kwa kuyahifadhi. Tulichokosa ni kuyaweka kwenye sahani.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako ipo bahasha yenye karatasi ya vipimo, itoe leo uisome hadi mstari wa chini. Kama imeandikwa "hana kisukari", tazama namba. Kama namba ipo mpakani, mrudishe mwenye karatasi kwa daktari, naye apimwe pia presha na lehemu. Na mtu wako akishikwa na maumivu ya kifua yanayoambatana na jasho na uzito wa mkono au taya, usimpe maziwa. Mpeleke hospitali.

Mama yetu sasa amepita miaka 70. Sukari haipikwi tena ndani ya chai yake. Hukaa kwenye kibakuli chenye kifuniko, kando ya sinia. Mgeni akifika, hata awe nani, mama hushika kijiko na kumuuliza jambo ambalo maisha yake yote hakuwahi kumuuliza mtu:

"Nikutilie kiasi gani, mwanangu?"